Punguzo la Hali na Haki ya Mwamuzi

Haki ni mizani, lakini mizani haijishiki yenyewe. Hushikwa na mkono wa mtu, na mkono wa mtu huweza kutetemeka, kuchoka, au kuelemea upande wa rafiki. Kwa hiyo si ajabu swali zito la haki kukutwa limejificha ndani ya mchezo. Swali lenyewe ni hili: Je, ni halali kumpunguzia mtu nafasi ya kufaulu kwa sababu ya hali ambayo hakuiumba yeye?

Mchezo ninaousema ni ule wa kuigiza hadithi mezani, uliopata umbo lake mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons huko Marekani. Mmoja wa wachezaji huwa mwamuzi, na kila mmoja wa wengine huvaa nafsi ya mtu wa kubuni. Katika toleo la tatu la mchezo huo, la mwaka 2000, mtu akijaribu jambo lenye shaka, mchezaji wake hutupa dadu yenye nyuso 20, huongeza hesabu ya ustadi wake, na jumla hulinganishwa na kiwango cha ugumu. Hali ikiwa mbaya, kama vile giza au mvua, mwamuzi anayo ruhusa ya kuondoa 2 katika jumla hiyo. Hicho kinachoondolewa nakiita punguzo. Wako wanaokiita adhabu, walakini adhabu hufuata kosa, na mvua hainyeshi kwa kosa la mtu anayelowa.

Yamkini msomaji atasema kuwa punguzo lisiwepo kabisa, ili wote wawe sawa mbele ya dadu. Shauri hili lina huruma, lakini halina ukweli. Ukuta uliolowa huteleza. Mwamuzi akiufanya mkavu kwa sababu ya wema wake, aliyebeba kamba na asiyebeba huwa sawa, aliyengoja kuche na asiyengoja huwa sawa, na busara hukosa thamani. Dunia isiyompinga mtu haimfundishi kitu.

Basi punguzo na liwepo. Lakini tuupime uzito wake. Tuseme ukuta una ugumu wa 15, na wakwezi ni wawili. Hodari ana ustadi wa 5. Dhaifu hana kitu. Ukuta ukiwa mkavu, hodari hufaulu kwa nyuso 11 katika 20, na dhaifu kwa nyuso 6. Mvua ikinyesha na kila mmoja akipunguziwa 2, hodari hubakiwa na nyuso 9, na dhaifu hubakiwa na 4. Wote wamenyang'anywa nyuso mbili, na mtazamaji wa juujuu atasema kuwa wametendewa sawa. Lakini hodari amepoteza chini ya sehemu moja katika tano ya tumaini lake, na dhaifu amepoteza theluthi nzima.

Toleo la tano, la mwaka 2014, lilishika njia nyingine. Mwenye hali mbaya hutupa dadu mbili, na iliyo ndogo ndiyo huhesabiwa. Nafasi ya hodari hushuka kutoka 55 katika 100 hadi kama 30. Ya dhaifu hushuka kutoka 30 hadi 9. Hapa pengo limepanuka zaidi. Kanuni hiyo, hata hivyo, ina rehema moja: taabu zikiwa tatu au nne, dadu hubaki mbili tu. Wapo wanaolalamika kuwa hivyo jeraha juu ya giza halina uzito. Wana haki ya kulalamika. Lakini afadhali taabu moja isamehewe kuliko mtu kurundikiwa taabu mpaka dadu yake iwe dhihaka.

Ikiwa usawa wa hesabu si usawa wa mzigo, haki ya punguzo iko wapi? Naiona katika wakati wa kutamka. Punguzo linalotajwa kabla ya dadu kutupwa humwachia dhaifu hiari: angoje mvua ipite, aazime kamba, atafute mlango, au apande hali akijua hatari yake. Punguzo linalotajwa baada ya dadu kutulia huiba hiari hiyo. Tena humjaribu mwamuzi mwenyewe, kwa sababu amekwisha kuona nani amefaulu, na anaweza kukumbuka mvua kwa mmoja na kuisahau kwa mwingine. Mcheza kwao hutuzwa, wahenga walisema. Lakini mwamuzi hana kwao.

Kadhalika punguzo lisihesabiwe mara mbili. Ikiwa ugumu uliwekwa kuwa 15 kwa sababu ukuta umelowa, kisha 2 zikaondolewa kwa sababu ukuta umelowa, mkwezi amenyeshewa mara mbili na mvua moja.

Ubishi huu ni mkongwe kuliko mchezo wenyewe. Mwaka 1824 afisa wa Prussia aitwaye Reisswitz alitoa mchezo wa vita wenye dadu na majedwali. Mwaka 1876 afisa mwingine, Verdy du Vernois, akataka majedwali yaachwe na uzoefu wa mwamuzi utangulie. Hoja yake ilikuwa na nguvu, kwa kuwa hakuna jedwali liwezalo kutaja kila tope na kila ukungu. Lakini jinsi mwamuzi anavyozidi kupewa uhuru, ndivyo anavyozidi kudaiwa uwazi. Akitaka kushinda kanuni kwa hekima, na aiweke hekima yake mahali panapoonekana na wote.

Hapana shaka mtu atasema kuwa haya ni mambo ya mezani, na kuwa aliyeanguka ukutani atainuka pamoja na mchezaji wake na kwenda kulala. Ni kweli. Lakini mtahini asahihishaye karatasi na hakimu akatiaye kesi nao hupima watu waliofika mbele yao wakiwa wamelowa kwa mvua wasiyoiita. Hawawezi kuifuta mvua. Wanaloweza ni kuitaja mapema, kuihesabu mara moja, na kumwachia mtu njia ya kuchagua.