Kichinjo cha Yahudi wa Mbale

Mmoja katika wasomaji wetu, mtu wa pwani akaaye Ipagala katika mji wa Dodoma kwa biashara, ameuliza: Yahudi wa Uganda, ambaye wazee wake hawakuwa Bani Israili, akichinja, je, nyama yake ni halali kwetu? Na yeye ni Ahlul Kitabu kweli, au amejipa jina tu?

Jueni, enyi ndugu, kwamba asili ya Mayahudi ni Nabii Yaakubu bin Is-haka bin Ibrahimu, ambaye ndiye Israili, na jina lao limetokana na Yahuda mwanawe. Kitabu chao ni Taurati, na pamoja nayo hufuata maelezo ya wanazuoni wao yaliyokusanywa katika Talmudi. Humwabudu Mungu mmoja, wala hawamfanyii sanamu. Husali mara tatu kwa siku wakielekea Baitul Makdis. Hutahiri mtoto siku ya nane. Hawali nguruwe, wala hawachanganyi nyama na maziwa. Na tangu jua kuchwa Ijumaa hata usiku wa Jumapili kuingia hawafanyi kazi. Kwao Yahudi ni aliyezaliwa na mama Yahudi, au aliyeingia dini mbele ya baraza la watu watatu. Hili la pili wengi wetu hawalijui, hudhani mlango huo umefungwa.

Ama hawa wa Mbale hujiita Abayudaya. Mkubwa wao alikuwa Semei Kakungulu, amiri wa Kiganda aliyewatekea Waingereza nchi za mashariki, kisha asipewe ufalme alioutaraji. Aliona katika Biblia amri ya kutahiri. Alipoambiwa hayo ni ya Mayahudi, akasema basi naye ni Yahudi. Mwaka 1919 alijitahirisha yeye na wanawe, akafa mwaka 1928. Katika utawala wa Idi Amin, 1971 hata 1979, ibada yao ilipigwa marufuku, na wengi wakaingia Ukristo au Uislamu. Mtawala yule alikuwa Mwislamu, walakini hatuna haja ya kumtetea: dini haina kulazimishana, na aliyesilimu kwa hofu hakutuzidishia kitu. Waliobaki walisali kwa siri. Mwaka 2002 marabi kutoka Marekani na Israeli waliwaingiza mamia yao katika dini kwa utaratibu wa sharia yao.

Sasa nyama. Suratul Maida, aya ya 5, imetuhalalishia chakula cha waliopewa Kitabu. Walakini katika madhehebu yetu ya Shafi, asiyekuwa wa Bani Israili hahesabiwi katika hao illa ijulikane kwamba wazee wake waliingia dini ile kabla ya kufutwa sharia yake. Na mwaka 1919 uko mbali mno na hapo. Kwa kauli hii si halali. Wanazuoni wa Hanafi hawakumtazama babu, walitazama dini aliyo nayo mtu mwenyewe. Na Ibn Taymiyya alisema vivyo hivyo.

Khabari inayonifikirisha ni ya Banu Taghlib, Waarabu walioingia Unasara. Sayyidna Ali alikataza kichinjo chao, na sababu aliyoitaja si nasaba, bali kwamba hawakushika katika Unasara illa kunywa ulevi. Ibn Abbas aliruhusu. Basi ikiwa sababu ni kushika dini au kutoishika, tumwambieje mtu aliyeitunza Sabato yake chumbani, na serikali imemkataza?

Mfuasi wa Shafi akijizuia na nyama ile hana lawama. Kumwita mwenye nyama mwongo wa dini ni jambo jingine, na hukumu ya kichinjo haikumpa ruhusa hiyo. Tena biashara haimo katika makatazo haya. Mwaka 2004 Mayahudi, Waislamu na Wakristo wa Mbale waliunda ushirika mmoja wa kahawa, wakauita Mirembe Kawomera. Na Mtume wetu mwenyewe, rehema na amani zimshukie, alifariki na deraya yake iko rehani kwa Yahudi wa Madina, kwa shayiri aliyowakopea watu wa nyumba yake.