Mfupa Ambao Haukuwepo

Binti wa kisa hiki sitampa jina. Wako wengi walio kama yeye, na huenda msomaji akamwona humu mdogo wake au mwanawe. Alikuwa mwaka wa pili chuoni, anasomea uhasibu, na likizo ndefu ilipofika hakutaka kuimaliza amelala na simu mkononi. Akaenda kujitolea katika kituo cha kuokoa wanyama nje kidogo ya mji wa Arusha, njia ya Usa River.

Kazi ya kituo haifanani na picha zake. Asubuhi ni kufagia mabanda na kumwaga maji ya dawa sakafuni. Kisha kuna sufuria kubwa la dona lililopikwa pamoja na dagaa na mapupu, ambalo harufu yake hukaa kwenye nywele mpaka usiku. Kuna kung'oa kupe masikioni, mmoja mmoja, na kumshika punda mwenye kidonda cha mizigo mgongoni wakati daktari anamsafisha. Wengi wanaokuja na hamu hawaonekani tena wiki ya pili. Yeye alirudi. Mhudumu wa siku nyingi wa pale, mzee aliyewajua mbwa wote kwa majina, alimpendea hilo. "Huyu mwanangu hana kinyaa," alikuwa akiwaambia wenzake.

Siku moja akaletwa mbwa mdogo, wa miezi minne hivi, aliyeokotwa karibu na soko la Kilombero. Kanuni ya kituo ilijulikana: mnyama mgeni anakaa peke yake kwenye banda la kutengwa, anahudumiwa na mtu aliyechanjwa, na haguswi bila glavu. Binti alikuwa hajachanjwa. Aliambiwa akachanjwe kabla ya kuanza kazi, akasema ataenda Jumatatu, Jumatatu hiyo ikapita na nyingine ikapita, na hakuna mkubwa aliyemfuatilia.

Mbwa yule hakubweka wala hakumrukia mtu. Alijilaza pembeni, taya la chini limelegea, udenda unamchuruzika. Akiwekewa maji, anatumbukiza ulimi na maji hayashuki. Mwenye huruma yeyote angewaza alivyowaza binti, kwamba amekwamwa na mfupa. Jioni, mzee akiwa amekwenda kufunga tangi la maji, binti aliingia bandani, akampakata, akampanua kinywa kwa mkono wa kushoto na kupitisha vidole vya kulia mpaka kooni. Akapapasa. Hakukuwa na mfupa. Mbwa alipojikurupusha, jino likamparura kidole cha shahada, juu ya kiungo. Ilitoka damu tone moja, akaifuta kwa pindo la fulana.

Hapa nataka msomaji asimame nami kidogo. Tukitajiwa kichaa cha mbwa, wengi tunamwona mbwa mkali, macho mekundu, povu mdomoni, anamvamia kila anayepita. Mbwa wa namna hiyo yupo. Lakini ugonjwa huu una sura ya pili, ya kimya, ambayo mnyama hupooza. Misuli ya taya na koo hulegea, hawezi kumeza, na mate yaliyojaa virusi yanamwagika ovyo. Anaonekana mnyonge wa kuhurumiwa, na huruma hiyo ndiyo inayomponza mtu. Kwa sababu hiyo madaktari wa mifugo husisitiza kwamba mbwa anayeonekana kakwamwa na mfupa asitiwe mkono kinywani mpaka shaka ya kichaa iwe imeondolewa.

Kesho yake mzee aliona plasta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kidole kimepatwa na nini?"

"Kisu tu, mzee. Nilikuwa nakata vitunguu."

Hakuwa mwongo kwa tabia. Pale kituoni kulikuwa na daftari ambamo kila anayeng'atwa au kukwaruzwa huandikwa, pamoja na mnyama aliyehusika. Naye alikuwa amesikia mtaani tangu utotoni kwamba mbwa akimng'ata mtu anauawa. Akaona akisema ukweli atakuwa amemhukumu kiumbe aliyekwenda kumwokoa. Alinyamaza kwa upendo kabisa.

Siku ya tatu mbwa akafa. Wakadhani alikula sumu ya panya huko sokoni, wakamzika nyuma ya mabanda, na binti alilia sana. Kipimo cha kuthibitisha kichaa kwa mnyama aliyekufa hufanywa kwenye ubongo wake, lakini hakuna aliyefikiria kupeleka sampuli maabara. Daftari lilikuwa halina kitu.

Virusi hivi haviendi mbio. Vikiingia kwenye jeraha hupanda taratibu ndani ya mishipa ya fahamu, kama mchwa ndani ya boriti, mpaka vifike kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu. Pengine ni wiki chache, pengine hata mwaka. Muda huo ndio nafasi ya mtu kupona. Jeraha linaoshwa papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, bila kujali udogo wake. Kisha mtu anakwenda hospitali siku hiyohiyo kuanza chanjo, na kama ngozi imetoboka na hajawahi kuchanjwa, anastahili pia sindano ya kingamwili inayochomwa kwenye jeraha lenyewe. Kinga ya baada ya kung'atwa haikuanza juzi. Julai 1885, mjini Paris, Louis Pasteur alimsimamia mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameng'atwa na mbwa mara nyingi, akachanjwa na akapona. Lakini dalili zikishaanza, hakuna tiba ya kutegemewa, na karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 hivi kila mwaka, vingi vikiwa Asia na Afrika.

Binti alikuwa amesharudi chuoni kidole kilipoanza kumwasha. Jeraha lilikuwa limepona zamani, hata yeye hakuliangalia mara mbili. Mwasho ukawa ganzi, ganzi ikapanda mpaka kwenye kiwiko. Ikaja homa. Akapimwa malaria, haikuonekana, akapewa dawa za maumivu. Akakosa usingizi, akawa anashtuka kwa upepo wa feni, na wenzake bwenini wakasema ni mitihani. Siku aliyopelekewa kikombe cha maji, koo lilimkaza kabla hajakigusa mdomoni, akakitupa huku akilia kwamba ana kiu. Wengine walimwita mchungaji aje kumwombea.

Hospitali, daktari alimuuliza kama amewahi kung'atwa na mbwa. Akatikisa kichwa. Dada yake ndiye aliyekumbuka ile likizo.

"Mdogo wangu, kule kwenye mbwa hakuna aliyekuuma?"

"Kalikuwa kadogo tu, dada. Kaliniparura kidogo."

Hakumaliza wiki.

Simu ikapigwa kituoni. Mzee na vijana wote waliompakata yule mbwa walitakiwa kuchanjwa, miezi kadhaa baada ya siku waliyopaswa kuanza. Chanjo hii haipatikani kila zahanati, na mara nyingi mtu huilipia mwenyewe. Hospitali ya kwanza waliambiwa imekwisha, wakazunguka mpaka wakaipata. Wote wako salama.

Kinachoniuma ni kwamba alichokisikia binti mtaani hakikuwa kweli. Mbwa anayeonekana mzima akimng'ata mtu, kinachofanyika si kumuua. Hufungiwa mahali pamoja na kuangaliwa kwa siku 10. Mbwa ambaye mate yake yana virusi ataonyesha dalili na kufa ndani ya siku hizo. Akizimaliza anakula na kucheza, basi siku aliyong'ata hakuwa na cha kuambukiza, na anarudi kwenye banda lake. Mbwa yule hakuonekana mzima, na kumwandika daftarini kungemletea daktari upesi. Na kwa kuwa tayari alikuwa anakufa, daktari angempa sindano ya kumpumzisha, badala ya siku tatu za kiu mbele ya bakuli la maji asiyoweza kuyameza. Anayewapenda wanyama aliangalie hilo kwa macho makavu. Siri ile haikumsaidia hata mbwa.

Kinachowasaidia mbwa wetu ni chanjo. Asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa mwaka hadi mwaka, ugonjwa hukosa pa kupitia. Pemba wameliona hilo: ugonjwa ulitokomezwa kwa kuchanja mbwa, ukaingia tena, ukatokomezwa mara ya pili. Vijana wenye huruma wana kazi tele siku ya kampeni ya chanjo mtaani, kushika kamba, kujaza kadi, kuwatuliza mbwa wa jirani.

Pale kituoni siku hizi hakuna anayepewa ufunguo wa banda kabla ya kuonyesha kadi yake ya chanjo. Jioni, kabla watu hawajatawanyika, mzee husimama karibu na bomba na kumwambia kila mmoja amwonyeshe mikono. Mwenye mkwaruzo anaanza na sabuni, daftari baadaye. Mwaka huu kijana mmoja wa sekondari aliparurwa na paka mgeni akasema papo hapo, damu haijakauka. Paka alifungiwa siku 10, akala vizuri, akatolewa. Kijana alikwenda kumaliza sindano zake, na kila Jumamosi bado yuko pale, anasonga dona.