Tundu la Zamani Juu ya Dirisha

Akina mama wa usharika walituletea mapazia mapya ya nyumba ya mchungaji hapa Nyamuswa. Nikamwita fundi ayafunge siku hiyohiyo. Juu ya dirisha, kwenye linta ya zege, palikuwa na matundu manne ya zamani. Nikamwambia, "Toboa pembeni tu. Pazia litayafunika." Akatikisa kichwa. "Mchungaji, nikitoboa karibu na tundu bovu, ukingo utapasuka na skrubu haitashika. Kwanza tuzibe."

Nilidhani kuziba ni kupaka saruji juu. Sivyo. Alikwangua zege lililolegea, akatoa vumbi lote, akalowesha tundu, ndipo akashindilia saruji na mchanga. Saruji haishiki kwenye vumbi, alisema, na zege kavu huinyonya maji kabla haijakaza. Akaniagiza nisubiri siku saba, nikinyunyizia maji kila siku.

Siku hizo, dirisha likiwa wazi, nilimkumbuka mzee mmoja wa kanisa. Miaka miwili kabla nilimtuhumu mbele ya baraza la wazee juu ya fedha za sadaka, kumbe aliyekosea hesabu ni mimi. Nilipogundua, sikumwendea. Jumapili iliyofuata nilihubiri juu ya upendo, nikampa mkono mlangoni kwa tabasamu. Nilikuwa nimetundika pazia juu ya tundu.

Mtu anaweza kuuliza: sisi Walutheri tunafundisha kwamba tunahesabiwa haki kwa neema, kwa njia ya imani. Kama Mungu amesamehe, kwa nini kufukua ya zamani? Ni swali la haki. Lakini Luther alianza hoja zake 95 za mwaka 1517 kwa kufundisha kwamba maisha yote ya mwamini ni toba, naye alipinga vyeti vya msamaha kwa kuwa viliwapa watu amani ya uongo. Zamani sana kabla yake, Ezekieli, katika sura ya 13, aliwakemea manabii waliotangaza amani isiyokuwapo, akawafananisha na watu wanaopaka chokaa ukuta dhaifu.

Mtazame Zakayo. Hakuahidi kurudisha mara nne ili Yesu akubali kuingia kwake. Yesu alikuwa amekwisha kumwita. Neema ilitangulia, nayo ikampa ujasiri wa kutaja aliowadhulumu. Anayejua kwamba amesamehewa haogopi tena kukwangua.

Siku ya tano nilikwenda kwa yule mzee, nikakiri kosa langu. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Baba Mchungaji, ulinisema mbele ya watu wangapi?" Nikaelewa. Kikao kilichofuata nilisimama mbele ya baraza lilelile, nikasema hesabu ilikosewa na nani.

Mapazia yamefungwa na yameshika. Mzee yule bado hajarudi kwenye kiti chake barazani, nami simharakishi. Nimesamehewa na Mungu. Kwake yeye nasubiri, nikinyunyizia maji.