Daftari la Mpepetaji

Mama huyu simpi jina, maana nimemtunga. Ila anayepita Namatala, kule Mbale vinakonguruma vinu vya mpunga, atamtambua. Mwaka mzima alipepeta mchele na kuchambua mawe kwa kibarua cha leja leja, akilipwa jioni, mkononi. Malipo yalipoanza kupungua, alisimama uani mbele ya wenzake akamwambia bosi: "Mzee, unatula jasho. Kesho naenda kwa afisa wa kazi."

Kesho yake mlinzi alimzuia langoni. Eti ameiba mchele.

Kinachoniuma ni kwamba haki ilikuwa yake. Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 haikubali mtu afukuzwe kwa kumlalamikia mwajiri, wala kwa kukusudia tu kumlalamikia. Anayemfukuza mtu kwa kosa lazima kwanza amsikilize, na sababu aithibitishe yeye. Kanuni za 2011 nazo zinasema kibarua aliyefanya kazi miezi 4 mfululizo si kibarua tena, anastahili mkataba wa maandishi.

Lakini mwaka wake kinuni uliandikwa wapi? Maneno ya uani hayana tarehe. Wenzake walipoulizwa, hawakuwa wamesikia kitu, na siwalaumu, wana watoto wa kulisha. Kisha shemeji akamsihi angoje, atamwombea kwa bosi. Akangoja. Lalamiko la kufukuzwa isivyo haki hupelekwa kwa afisa wa kazi ndani ya miezi 3. Aliyechelewa hudaiwa sababu ya kuridhisha. Mama alifika mwezi wa 5 tangu afukuzwe, mikono mitupu.

Dada yangu, kabla hujafungua kinywa, fungua daftari. Andika tarehe, magunia, ulicholipwa na aliyekulipa. Ukilipwa kwa simu, usifute ujumbe. Lalamiko lako liandike kwa upole, nakala mbili, moja ibaki kwako. Au litume kwa simu lipate siku na saa. Na usitishe. Kitisho ndicho kilichompa yule bosi usiku mzima wa kutunga wizi. Kwa afisa wa kazi mtu huenda kimyakimya, na kazini anaendelea kuwahi kama kawaida, asije akapewa kosa la kweli. Ukiletewa karatasi usiyoielewa, usiitie saini, hata ukiambiwa ni ya kupokea mshahara tu.

Nakala zisilale nyumba moja. Wakazi wa Namatala wanaukumbuka usiku wa kuamkia 31 Julai 2022, mito ilipofurika Mbale na maji yakaingia majumbani. Daftari chini ya godoro haliponi maji kama yale.

Binti wa mama huyo sasa anapepeta kwenye kinu cha pili. Jioni, kabla ya kuosha vumbi la pumba, anaandika mstari mmoja kwenye daftari la shule, anapiga picha ya ukurasa, na kumtumia mjomba wake aliye Jinja.