Kaa Kwanza, Piga Hesabu

Somo la juma: Luka 14:28–30



Yesu alipotaka watu wajue uzito wa kumfuata, aliwaonyesha mtu anayetaka kujenga mnara. Kabla hajachimba msingi, mtu huyo anaketi na kupiga hesabu aone kama alicho nacho kitamfikisha mwisho. Asipofanya hivyo ataishia kwenye msingi, na wapita njia watamcheka. Juma hili naomba tulipeleke somo hilo Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kwenye maduka ya simu. Wengi wetu wa Jangwani hupimwa pale kila tunaposhika fedha kidogo.

Mama lishe mmoja wa jumuiya yetu aliniomba nimsindikize kununua simu janja yake ya kwanza. Miaka yote ametumia kitochi. Hata dukani hatujafika, winga, dalali wa mtaani, akatudaka: “Karibu mama, kamera kali hii, kioo kikubwa, nyembamba, ukiishika tu unaonekana!” Mama akaipokea, akaigeuza mgongo, akauliza: “Inakaa na chaji mpaka usiku? Inaingia laini mbili? Ikianguka, kioo chake bei gani?” Winga akageuka kumwita mwenye duka. Mama alikuwa anaiwaza saa mbili usiku, wateja wa mwisho wakitaka kulipa kwa simu na yeye hana pa kuchomeka chaja. Akachukua nyingine, nene kidogo, yenye betri kubwa na kamera ya kawaida. Kamera ile nzuri aliitazama mara ya mwisho, kisha akairudisha mwenyewe kwa mkono wake.

Ukweli wa simu ni kwamba hakuna inayokupa yote kwa bei uliyo nayo. Kioo kikubwa chenye mwanga mkali kinakula chaji. Simu ikifanywa nyembamba, nafasi ya betri inapungua. Megapikseli zikiwa nyingi kwenye kihisi kidogo, picha ya usiku inaweza isitoke vizuri. RAM ikiwa ndogo, ukifungua WhatsApp programu nyingine inajifunga. Aliyeiunda alikubali kuachia kitu ili apate kingine, na wewe unayenunua unachagua ni kipi utaweza kuishi bila kuwa nacho.

Imekuwa hivyo tangu simu hizi zilipoanza. iPhone ya kwanza, mwaka 2007, iliwashangaza watu kwa kioo chake cha kupangusa, lakini haikuwa na 3G wala sehemu ya memori kadi, na betri yake mtumiaji hakuweza kuibadilisha mwenyewe. Mwaka 2008 ikaja T-Mobile G1, simu ya kwanza ya Android kuuzwa. Ilikubali kuwa nene ili ibebe kibodi, memori kadi na betri ya kutoa. Kufikia mwaka 2011 jirani zetu wa Kenya walikuwa wananunua Huawei IDEOS kupitia Safaricom kwa takribani dola 80. Kioo chake kilikuwa inchi 2.8, prosesa megahezi 528, RAM MB 256, kamera megapikseli 3.2 bila flashi, betri mAh 1,200. Ukiisoma orodha hiyo leo unaweza kuidharau. Mimi naona kazi ya watu walioketi wakamwaza mtu mwenye fedha kidogo anayetaka intaneti. Wakapunguza ukubwa wa kioo na kasi, wakabakiza 3G, Wi-Fi na bei ambayo mtu wa kawaida angeweza kujikaza akaifikia. Kwa vile walivyoviachia, najua walimkusudia nani.

Hapa Dar es Salaam tulikuwa na hesabu yetu. Mwaka 2011 mgao wa umeme ulitubana sana, na watu walitembea na laini mbili tatu kwa sababu kupiga mtandao mwingine kuligharimu zaidi. Aliyechagua simu ya laini mbili yenye betri inayokaa, akaiacha ile yenye jina, alijua anaishi wapi. Desemba ya mwaka huohuo mto Msimbazi ulifurika, maji yakaingia nyumba za bondeni, na baadaye baadhi ya jirani zetu wakahamishiwa Mabwepande. Siku ya namna ile ndugu wanataka kusikia sauti yako, na chaji iliyobaki ndiyo itakayowafikishia.

Ndugu zangu, sokoni tunatajiwa faida, hasara tunakuja kuigundua nyumbani. Kristo alianza na gharama. Aliwaambia watu mapema kwamba kuna msalaba, kwamba kuna vitu wataviacha, na wengine waliposikia hivyo waliondoka. Hakumkimbilia mtu ili ampunguzie masharti. Kwa hiyo anayetuita kumfuata tunaweza kumwamini, maana alitueleza yote tukiwa bado tuna nafasi ya kusema hapana. Nasi tukimfuata tumfuate hivyo, tukijua tumeacha nini. Anayeokoka kwa kuhesabu baraka peke yake, siku ya kwanza ya kukosa atasema amedanganywa.

Kuna jambo jingine linaniumiza. Mara nyingi anayechagua siye anayekosa. Baba anachukua simu ya bei ya juu, na daftari za mtoto ndizo zinazosubiri. Kijana anakopa ili aonekane, na mama yake ndiye anayefuatwa mlangoni. Ukijinyima kwa hiari yako, hiyo ni busara. Ukimnyima mwenzako bila kumwuliza, hiyo ni dhuluma, hata kama simu ni nzuri namna gani. Unapoketi kupiga hesabu, waite mezani wale watakaobeba gharama pamoja nawe.

Nanyi mnaouza, Mithali 11:1, juu ya mizani ya hadaa, inawahusu. Katikati ya Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima, na waliozinunua kwa nia njema wakabaki na simu zisizoshika mtandao. Kuna mtu alijua alichokuwa anauza. Mwambie mteja udhaifu wa simu kabla hajatoa fedha. Naye mnunuzi abonyeze *#06#, aichukue namba ya IMEI na kuituma kwenda 15090 akiwa bado dukani.

Juma hili, kila mmoja wetu mwenye uamuzi mbele yake, iwe simu, kiwanja, kazi au ndoa, achukue karatasi na kuandika kwanza kile atakachokikosa, na jina la atakayekikosa pamoja naye. Kama akiisoma karatasi hiyo mbele ya familia yake na moyo wake ukatulia, aende kwa amani.

Tuombe: Bwana, utupe ujasiri wa kutaja tunachokiacha kabla ya kufurahia tunachokipata. Uwape haki wanaouza na busara wanaonunua hapa Kariakoo. Uwakumbuke wanaolipia uamuzi ambao hawakuulizwa. Na unapotuita tukufuate, utuketishe kwanza tuhesabu, kisha utusimamishe tuanze, na tusigeuke nyuma. Amina.