Waheshimuni Wazee Hata Sahanini

Desemba inakaribia. Mabasi ya Moshi na Rombo yatajaa, magari yatafuatana toka Chalinze hadi Segera, na kila mmoja wetu atakuwa amebeba kitu cha kuwapelekea wazazi. Basi tuifungue mizigo hiyo leo, kabla hatujaondoka. Katoni ya soda. Mikate myeupe, biskuti, majarini, kilo tano za sukari, dumu la mafuta, na vile vidonge vya mchuzi vya dukani ambavyo sehemu yake kubwa ni chumvi. Vyote hivyo ni vya baba mwenye miaka 74 na presha. Tunampa kwa upendo, anapokea kwa kutubariki, na majirani wanasema mzee huyu kweli alizaa.

Ndugu zangu, amri ya kuwaheshimu baba na mama haiishii kwenye mlango wa jiko!

Hakuna maradhi yanayoua watu wengi duniani kuliko ya moyo na mishipa ya damu. Shirika la Afya Duniani limelisema hilo miaka nenda miaka rudi, nasi tunaozika tunalijua kwa macho yetu. Mzee aliamka vizuri, akanywa chai, akaanguka. Halafu matangani watu wananong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Tunamsaka mchawi kwa jirani, kumbe presha imelala ndani ya nyumba ile miaka kumi na hakuna aliyeipima. Huku ni kumsingizia mwanadamu mwenzako damu, na ni dhambi. Tutubu.

Sikilizeni jinsi mambo yanavyokwenda. Umri unavyosogea, mishipa ya damu inakakamaa. Chumvi nayo huzuia maji mwilini, damu inaongezeka wingi, na moyo unalazimika kuisukuma kwa nguvu zaidi kwenye mishipa ambayo hainyumbuliki tena. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, yaani kijiko kidogo cha chai kisichojaa. Na ndani ya kijiko hicho ihesabiwe chumvi yote: iliyo kwenye mkate, kwenye maharage, kwenye supu ya asubuhi. Sasa tazama mezani kwetu. Bakuli la supu linawekwa, mzee hajaonja, mkono tayari uko kwenye kichupa cha chumvi. Hata kiburu chetu kizuri, ndizi na maharage, tunakitia magadi kwa mkono wa ukarimu, na magadi yana sodiamu ileile iliyo kwenye chumvi.

Najua jibu la wazee, maana nalisikia kila nikiwatembelea: “Mchungaji, nimeshakula chumvi nyingi, nibadilike sasa ili iweje?” Baba, ili uishi! Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika katika vijiji 600 vya China, kwa watu karibu 21,000, wengi wao waliowahi kupata kiharusi, wastani wa umri wao miaka 65. Nusu ya vijiji vilipewa chumvi ambayo robo yake ilikuwa ya potasiamu badala ya sodiamu. Hakuna jingine lililobadilishwa. Baada ya miaka kama mitano, waliotumia chumvi hiyo walipata kiharusi pungufu kwa asilimia 14, na vifo vyao vilipungua kwa asilimia 12. Wazee wa vijijini, wenye presha, na bado mwili uliitikia. (Mwenye ugonjwa wa figo asiiguse chumvi ya namna hiyo bila kumuuliza daktari.)

Tena Mungu ametupa ushahidi nyumbani kwetu. Mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika Kilimanjaro hukohuko, kwa wanaume vijana 77. Waliozoea chakula cha kijijini walipolishwa kwa wiki mbili vyakula vya kizungu vya viwandani, damu yao ilionyesha dalili za uvimbe wa ndani, ule unaochangia maradhi ya moyo. Waliotoka kwenye vyakula vya mjini wakarudishwa kwenye chakula cha asili, dalili hizo zilishuka. Wiki mbili tu! Walikuwa vijana, na mwili wa mama yako hauna akiba ya kijana. Mnafu, maharage, ndizi, parachichi la nyuma ya nyumba: hivyo ndivyo tulivyoviona vya kimaskini tukavibadilisha kwa katoni.

Lakini tusiwalaumu wazee. Mzee aliyebaki peke yake hapiki maharage saa mbili kwa ajili ya sahani moja. Meno yameng'oka, kwa hiyo anakunywa chai ya vijiko vinne vya sukari na mkate mweupe uliolowekwa, asubuhi na jioni. Njaa hana, ila mwili haukulishwa. Dawa ya hilo ni mtu. Umoja wa Wanawake, vijana wa kwaya, gawaneni nyumba. Pikeni maharage mpaka yalainike, yapondeni, katakateni mboga ndogondogo, mkae mle naye.

Na hili nalisema nikiwa nimevaa joho: atakayewaambia wazee wetu waache vidonge vya presha kwa kuwa wameombewa, huyo anawaua. Sala haishindani na kidonge, na mboga haichukui nafasi ya kidonge. Yote matatu ni mema, yaende pamoja.

Nanyi baba zangu na mama zangu, shikamooni. Presha haiumi, wala haisubiri uumwe kichwa. Ikifika 140 kwa 90 na kuendelea, ukapimwa tena siku nyingine ikabaki hapo, hiyo ni ya kutibiwa. Nendeni zahanati mkapime wiki hii, kabla watoto hawajaja, mwandike namba mliyopewa. Watakapopiga simu kuuliza walete nini, wasomeeni namba hiyo kwanza.