Je, Fedha Yako Yaitakasa Mali ya Wizi?

Ukiletewa gitaa la besi la zamani kwa bei ya kutupa, na muuzaji akababaika ukimwuliza kalipataje, utalinunua? Wako wasemao: "Mwizi si mimi, mimi nimetoa fedha yangu halali." Basi zingatia: gitaa alilonunua mwanamuziki wa Uingereza Paul McCartney mjini Hamburg mwaka 1961 liliibwa London mwaka 1972. Likapita mikono kadha, likawekwa darini, mwishowe likamrudia baada ya miaka 51. Muda wote huo lilikuwa lake. Asiyemiliki kitu hana cha kuuza. Na ile nafuu ya bei ni ujira wa kunyamaza kwako. Uliza, jibu lisipokuridhisha, ondoka na fedha yako.